Chaguo Langu la Kwanza

Juzi alasiri mjukuu wangu alikuwa amekaa barazani na redio yake mapajani, sauti kaifungulia mpaka kuku wakahama uani. Wanaume wawili walikuwa wakiwajadili wachezaji wapya waliosajiliwa na timu za mjini. Kila mmoja walimtaja jina, wakampima miguu, wakampima pumzi, wakakumbushana alivyowahi kuumia, kisha wakampa alama. Huyu saba kwa kumi. Huyu tano tu, goti lake halijapona vizuri. Mjukuu wangu akawa anabishana nao kana kwamba wanamsikia. Mie nilikuwa nachagua mchele. Waliposema lile goti niliweka ungo chini, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka kipindi kikaisha.

"Bibi, unaumwa?" aliniuliza niliporudi.

Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Yeye sikumwambia. Nyie nitawaambia.

Nilizaliwa huku delta ya Rufiji, upande wa Mohoro, katika kijiji ambacho nusu ya watu walikata mikoko na nusu walilima mpunga, na wengi wetu tulifanya yote mawili. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ya ile vita kubwa. Vita vyenyewe hatukuviona. Sisi watoto tulivijua kwa yale yaliyopotea: kaniki zilipotea dukani, mafuta ya taa yakapotea, sukari ikawa inakuja imefungwa katika vikaratasi vidogo mno, mama zetu wanaifungua taratibu kama dawa.

Baba yangu, Mzee Omari, alikuwa mpimaji wa miti ya mikoko. Wakataji walipoleta miti yao ghalani, yeye ndiye aliyeizungushia kamba yake yenye mafundo, akaigonga kwa kisigino cha panga, akasikiliza, kisha akatangaza daraja lake kwa sauti ya kuadhini. Mti mnene ulionyooka ni nguzo. Unaofuata ni boriti. Mwembamba ni pau. Ule wa kusukia ukuta ni fito. Baba alizoea kazi yake hata akaileta nyumbani. Mama akipakua wali ukiwa umeiva vizuri, baba alikula kimya, akanawa, akasema, "Nguzo." Siku mchuzi ulipopwaya alisema, "Pau," na mama akamjibu kwamba kesho atampikia fito azitafune. Tulicheka sana nyumbani kwetu siku zile.

Kaka yangu Seif alikuwa na miaka kumi na tisa, mie tisa. Kati yetu walizaliwa watoto wawili, hawakukaa. Seif alikaa mwaka mzima Dar es Salaam kwa mjomba, akarudi na mpira wa ngozi ulioshonwa mara nyingi hata hukuweza kujua ngozi ya awali ni ipi, na habari za ligi. Alitueleza jinsi timu zinavyopangwa, jinsi wakuu wa timu wanavyogombania wachezaji, huyu anachagua mmoja na yule mmoja, mpaka wanaisha. Ndani ya miezi michache vijana wa kwetu wakawa wanacheza na wa Mohoro kila Ijumaa baada ya swala. Wasichana hatukuruhusiwa kusogea uwanjani. Tulitazama kutoka kwenye mihogo, tumejikunyata, na kila aliyepiga chenga tulimjua kwa miguu kabla hatujamwona uso.

Tulikuwa watatu. Mie, naitwa Zena. Pili, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyependa watu wenye meno mazuri. Na Mwanaidi, mjukuu wa Jumbe, msichana mpole mwenye kigugumizi kidogo, ambaye babu yake ndiye aliyetutawala kijiji kizima kwa niaba ya Boma.

Masika ya mwaka huo mto ulipanda mapema. Uwanja ukageuka bwawa, watu wakatega kambale pale palipokuwa golini. Mpunga ulipoanza kutoa masuke tulipelekwa kuamia ndege, kama watoto wote wa huku. Mnakaa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, asubuhi mpaka jua linapopoa, mnapiga debe na kupiga kelele ndege wasile mpunga. Dungu letu lilikuwa kubwa, na sisi watatu tulikaa pamoja. Kulikuwa na harufu ya mpunga mbichi na matope, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha hata mtu akatamani ndege waje wengi.

Hapo ndipo tulipoanzisha ligi yetu. Wachezaji walikuwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu wanazochezea bao. Mpira ulikuwa konokono mdogo mkavu. Uwanja tuliuchora kwa mkaa juu ya sakafu ya mbao, na komwe tulizifyatua kwa kidole. Lakini kila komwe ilikuwa mtu. Tulichukua vijana wa kweli, wa kijijini kwetu, tukakubaliana kila mmoja wetu awe na timu ya watu saba, tuchague kwa zamu kama Seif alivyosimulia. Na kwa kuwa mie nilikuwa mtoto wa mpimaji, ilionekana ni haki kabisa kwamba wachezaji wapangwe madaraja. Nguzo ilifyatuliwa mara tatu kwa zamu moja, boriti mara mbili, pau na fito mara moja tu. Mwenyewe hukuruhusiwa kumpima wa kwako. Wapinzani wako ndio waliompima, na walitakiwa kutaja sababu. Mie, niliyekuwa na mwandiko mzuri pale chuoni tulikosomea Kurani, niliandika yote kwa herufi za Kiarabu juu ya karatasi ya kufungia sukari.

Tulivuta vijiti kupata zamu. Mwanaidi akawa wa kwanza, Pili wa pili, mie nikawa wa mwisho. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nimenuna. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angemwacha Seif, na mie nisingeweza kuvumilia kumwona kaka yangu akiifungia magoli timu ya Pili.

Sasa lazima niwaeleze habari ya goti.

Kabla ya masika Boma lilikuwa limemtaka Jumbe atoe vijana watano waende jeshini. Alipeleka watano, daktari akawarudisha watatu. Mmoja alikuwa na ngiri, mmoja haoni mbali, na wa tatu alikuwa na busha ambalo kijiji kizima kililijua isipokuwa, inaonekana, Jumbe. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa Boma, alikuja mwenyewe kwa mashua, akasimama mbele ya baraza, akamfokea yule mzee mbele ya wake zake na wajukuu wake. Akamwambia alete watano wengine, na akileta tena wagonjwa, atamchukua mwanawe Bakari aanze naye. Sisi watoto tuliigiza kufoka kule wiki nzima, Pili akiwa Bwana Shauri na mie nikiwa busha.

Siku chache baadaye niliona mama anamfunga Seif kitambaa gotini, ndani yake majani yaliyopondwa. Seif akatoka anachechemea, akapita mbele ya nyumba ya Jumbe, akaenda dukani, akarudi anachechemea. Alipoingia ndani alifungua kitambaa, akaruka kizingiti na kuchukua ndizi kwenye uchaga. Mie nilicheka. Mama hakucheka. Alinishika mabega.

"Goti la kaka yako bovu. Umesikia? Mtu akikuuliza, bovu. Hata wewe linakuuma."

"Kwani limefanya nini?"

"Zena. Bovu."

Nilidhani wanamfanyia hila asichukuliwe kwenye kazi ya kuchimba barabara, kwa kuwa watu wazima wengi walipata maradhi wakati wa barabara. Vita havikunijia akilini. Vita vilikuwa jambo la Bwana Shauri na busha.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya kuchagua, tukiwa tunamenya muwa, nilisema kama mtu asiyejali, "Kaka yangu maskini, goti limekufa. Sijui kama atacheza tena."

"Nimemwona," alisema Pili. "Anatembea kama bata."

Mwanaidi akamchagua baba yake mdogo, Bakari, mwana wa Jumbe. Pili akamchagua Hamisi, mkata mikoko mwenye mwanya, ambaye kwa bahati alikuwa pia hodari. Nami nikainua komwe yangu, nikasema, "Seif," na wenzangu wakanicheka mpaka ndege wakaruka bila kupigiwa debe.

Kuwapima hao watatu wa kwanza kulituchukua siku nzima. Nayakumbuka maneno niliyoyaandika kama mtu anavyokumbuka sura alizohifadhi. Hamisi: nguzo, kifua kipana, hajawahi kulala na homa tangu tumjue, anaona tai kabla ya watu wengine. Bakari: boriti, mbio anazo, mrefu, lakini mvivu. Seif: pau, goti la kulia bovu. Nilibisha. Nilisema wamwonee huruma angalau boriti. Pili akaniuliza, "Goti bovu au si bovu? Wewe ndiye uliyesema." Nilikuwa nimejinasa mwenyewe.

Tukaendelea na duru zilizofuata mpaka watu ishirini na mmoja wakawa juu ya karatasi, kila mmoja na daraja lake na maradhi yake. Nani anakohoa, nani ana matende, nani hukimbia bila kupumzika kutoka mtoni hadi msikitini. Watoto wanajua miili ya watu kuliko daktari. Tulikuwa tumewatazama kutoka kwenye mihogo mwaka mzima.

Ligi ikaanza, na mie nikafungwa. Nilifungwa kila siku. Hamisi wa Pili alifyatuliwa mara tatu, Seif wangu mara moja, na nikiiangalia ile komwe yake ndogo imekaa pale katikati, najua ukweli wake, roho iliniuma kama nimepigwa bure. Kila siku niliomba daraja lake libadilishwe. Kila siku walisema lete ushahidi, lete mtu mzima aamue.

Mtu mzima alikuja mwenyewe. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, nikaona mtumbwi unapita katikati ya mpunga taratibu sana, na ndani yake Jumbe amekaa chini ya mwavuli wake mweusi, anapigiwa kasia. Alikuwa akizungukia madungu, siku ya tatu hiyo. Watu walisema anakagua mafuriko. Alipotuona alimwambia mpiga kasia amngoje, akapanda ngazi yetu akihema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Nipeni maji."

Tulimpa maji katika kata. Alikunywa, akakaa, akatazama komwe. "Mnacheza bao gani hili?"

Mwanaidi alikuwa na aibu kwa babu yake, Pili alikuwa akitafuna. Nikaeleza mie. Nilieleza kila kitu. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa na mtu mzima kwa utulivu namna ile. Hakunikatiza hata mara moja, alitikisa kichwa tu, na pale nilipomwambia kwamba mvivu hawezi kuwa nguzo hata awe mrefu namna gani, alicheka kweli, meno yakaonekana. Kisha akaomba karatasi. Jumbe alijua kusoma. Aliisoma polepole, kidole kikienda juu ya kila jina, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoacha kucheka.

"Nani aliandika?"

"Mie, babu."

"Mwandiko wako mzuri." Akarudi juu ya karatasi. "Bakari hapa mmekosea. Bakari ana kifua. Hukohoa sana, nyie hamumsikii. Andika: fito, kifua."

Nilichukua kijiti changu cha wino nikaandika. Mwanaidi alimgeukia babu yake. Mie niliona mlango umefunguka. Kama Jumbe anaweza kumshusha mtu, basi anaweza pia kumpandisha.

"Babu, na Seif tumemkosea," nilisema. "Tuamulie."

"Seif wa Omari? Huyu si ana goti?"

"Hana!" nilisema. "Hana goti lolote. Linafungwa tu kitambaa. Juzi kaniinua juu ya mabega, kavuka na mie maji ya kifuani. Alibeba nguzo mbili kwa mara moja kutoka ghalani, baba kaona. Waulize. Anaruka kizingiti!"

Pili akasema, "Mwongo, ulisema mwenyewe limekufa."

"Nilisema ili msimchague!"

Jumbe alinitazama. Nimefikiri juu ya kutazama kule zaidi ya jambo jingine lolote maishani mwangu. Halikuwa jicho la mtu mbaya. Alionekana amechoka, jasho limemkaukia katika ndevu, kama mtu aliyetafuta kitu siku tatu na sasa amekipata, na hakukifurahia.

"Una hakika, mwanangu?"

"Wallahi, babu."

"Basi Seif ni nguzo," alisema. "Andika."

Niliandika. Nilirukaruka hata dungu likatikisika. Jumbe akaikunja ile karatasi mara nne. "Nitaichukua nikamsomee bibi yenu," alisema, "acheke." Akashuka ngazi kwa uangalifu, mguu mmoja mmoja. Mchana ule, nikiwa nafyatua mara tatu, niliwafunga wote wawili.

Ijumaa yake ikapigwa mbiu ya mgambo. Baada ya swala watu wote wakaitwa uani kwa Jumbe. Matarishi wanne wa Boma walikuwa wamekwisha fika, kofia zao nyekundu, fimbo zao, nao wakasimama kwenye njia zote za kutokea. Wanawake tulikaa upande wa makuti. Seif alikuja na kitambaa chake, anachechemea, mkono juu ya bega la Hamisi.

Jumbe alisimama na karatasi ya Boma mkononi, mpya, nyeupe. Lakini alipoanza kusoma, nilijua. Alisoma Hamisi. Akasoma Seif. Kisha wale wa duru ya pili, nguzo zetu, mmoja baada ya mmoja, kwa mpango uleule tuliowachagua pale juu ya dungu. Watano. Aliyerukwa ni Bakari peke yake. Pili, aliyekuwa kando yangu, alinifinya mkono, hakuniachia. Nilihisi mkojo wa moto ukinishuka miguuni, na hapo nikajua kwamba ninaogopa, kwa kuwa kabla ya hapo sikuwa nahisi kitu.

Mama alisimama. Mwanamke kusimama barazani ilikuwa jambo zito. "Jumbe," alisema, "mtoto wangu ana goti. Kijiji kizima kinajua."

"Lifungueni tulione," alisema Jumbe.

Tarishi alipiga goti, akafungua kitambaa, majani makavu yakaanguka. Goti la Seif lilikuwa zuri, laini, linang'aa kwa mafuta. Wakamwambia achuchumae, akachuchumaa. Wakamwambia asimame. Alisimama wima, maana hakuna tena sababu ya kuchechemea, na nadhani alichoka pia kudanganya. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwona Jumbe anamwita mama pembeni, karibu na mtungi, wanasemezana maneno machache, kisha mama akarudi akakaa mahali pake. Hakunitazama.

Walipewa muda wa kuaga kabla ya kupanda mashua. Seif alinijia, akanishika sikio kama alivyozoea. "Mbona unalia hivyo? Nikirudi utanikuta uwanjani," alisema. "Msaidie mama. Ndege wasimalize mpunga wake." Nilitaka kumwambia. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Tarishi akamwita, naye akaenda, na akatembea vizuri mno mpaka majini.

Barua ilikuja moja. Mwalimu wa chuo alitusomea: alikuwa mzima, kulikuwa na baridi, mvua ya huko haikatiki, anatusalimu sote na anauliza kama uwanja umekauka. Baada ya hapo, kimya. Mavuno mawili yakapita. Kisha tarishi mmoja, kijana, akaja na mashua ya samaki, akamwita baba nje ya ghala, akamwambia kwamba Seif amefariki Burma kwa homa. Baba alirudi kazini. Watu wanasema jioni ile alitangaza madaraja ya miti mpaka mti wa mwisho bila kukosea. Katika wale watano walirudi wawili. Hamisi alikuwa mmoja wao. Alirudi bila vidole vya miguu, akawa anakaa mlangoni kwao mchana kutwa, na Pili, ambaye alimchagua kwa ajili ya mwanya wake, hakupita tena njia ile.

Komwe tulizitupa mtoni. Hatukupanga, Mwanaidi alianza, sisi tukamfuata. Hatukuzungumza jambo lile tena, hata tulipokuwa wanawake wazima tunakutana msibani.

Nyumba yetu ilivunjika kimyakimya. Tangu ile Ijumaa baba hakusema na mama. Alikula chakula chake nje, akarudisha sahani, hakusema nguzo wala pau. Mie nilidhani ni huzuni, nikadhani watu wazima wakihuzunika wanakuwa hivyo. Baada ya ile habari ya Burma alioa mke mwingine kijiji cha Mahege, akahamia huko, akawa anakuja kwetu sikukuu za Idi tu, anakaa kitako kimoja, ananipa nguo na kunishika kichwa. Mie alinipenda mpaka mwisho. Mama alimwamkia, naye aliitikia kwa kutazama pembeni. Alikufa hivyo. Mama alikwenda msibani Mahege, akakaa nyuma kabisa ya wanawake wote kama jirani.

Miaka ikaenda. Mwingereza akaondoka. Niliolewa Kibiti, nikazaa, nikazika mume. Mama alipoishiwa nguvu nilimchukua nikakaa naye. Siku zake za mwisho alilala zaidi kuliko kuamka, na kila asubuhi baada ya kumwosha nilimpaka mafuta ya nazi mgongoni na miguuni, ngozi yake ikiwa nyembamba kama karatasi. Asubuhi moja, mikono yangu ikiwa juu ya goti lake, nikashindwa kuendelea. Nilimwambia. Nilimwambia habari ya dungu, ya karatasi, ya Jumbe na maji katika kata, na jinsi nilivyoapa kwa jina la Mungu. Nililia kama nilivyolia siku ile ya mashua.

Mama alisubiri nimalize.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, mama?"

"Yote. Jumbe alinambia siku ileile, pale mtungini. Alisema, usinilaumu mie, kamuulize binti yako."

Zaidi ya miaka arobaini. Alinisuka nywele, alinicheza ngoma nilipovunja ungo, alinipakata nilipojifungua, na siku zote hizo alijua.

"Baba je? Baba alijua?"

"Baba yako aliniuliza nani kasema. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia niliropoka kisimani kwa wanawake."

"Kwa nini, mama?"

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alikuwa amechoka.

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema. "Angekupiga siku moja, yakaisha. Lakini angekuwa anakutazama vile mpaka afe. Mtoto hawezi kutazamwa vile. Mie nilikuwa mtu mzima."

Nilikuwa nimedhani miaka yote ile kwamba nimebeba siri peke yangu, na kwamba kimya changu kinamkinga mama. Nilimwona baba anakula nje. Niliiona sahani inarudi. Nilimwona mama amekaa nyuma kule Mahege, wanawake wengine wanasogeza miguu ili asiwaguse. Yote niliyaona kwa macho yangu, na sikuelewa hata siku moja kwamba kile nilichokuwa nakitazama kilikuwa adhabu yangu mie, inatumikiwa na mtu mwingine, kila siku, mbele yangu.

Nilitaka kumwomba radhi. Kabla sijaanza yeye akafumba macho, akasema ubavu ule unamuuma, nimlaze upande wa pili. Nikamgeuza.